Sauti Inayoitwa Yeye

Sehemu ya kumi na moja

Spana bado iko mkononi mwa Pandashuka, na sikio lake bado limegandishwa kwenye mlango wa bafu.

Uliyekuwa nasi wiki iliyopita unajua alivyofika hapo. Unayeingia leo, chukua hili tu, linakutosha: Pandashuka, fundi wa lifti, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, aliyeoa nesi, amerudi ndani kuchukua kofia aliyoisahau, akasikia mwanamume anazungumza na mkewe bafuni.

"Usiogope," ile sauti ilisema, laini kama grisi mpya. "Niko hapa, siendi popote. Vuta pumzi na mimi. Moja... mbili..."

Na Mama Pacha, mama wa watoto wake wawili, akavuta pumzi. Fundi aliisikia ikiingia, akaisikia ikitoka.

Hakubisha hodi. Nyumba yake mwenyewe, abishe hodi kwa nani? Akautia mlango bega. Komeo likaruka, likadondokea kwenye beseni.

Hapakuwa na mwanamume. Palikuwa na ndoo, mswaki, na Mama Pacha juu ya kiti kidogo cha plastiki, sare nyeupe ya hospitali imefungwa vifungo vyote, simu mapajani.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo dume!"

Mama Pacha akaigeuza simu kifudifudi. "Baba Pacha, umevunja komeo."

"Nitavunja na mengine. Yuko wapi?"

"Mtafute basi. Labda kajikunja ndani ya ndoo."

Fundi akachungulia ndani ya ndoo. Ndiyo, msomaji, alichungulia. Wivu hauna aibu.

"Ni programu ya simu," mkewe akasema. "Ya kutuliza moyo. Metroni alituonyesha wauguzi wote. Unapumua, unahesabu, basi."

"Programu ina koromeo? Nimesikia mwanamume na pumzi zake."

"Nitakueleza jioni. Leo ni siku yangu ya kwanza chumba cha upasuaji. Usinivuruge leo, nakuomba."

"Kwa nini jioni? Ukweli unawekwa jikoni mpaka uive?"

Mama Pacha akaenda chumbani kutafuta viatu.

Simu ikabaki juu ya kiti.

Fundi aliitazama kama paka anavyomtazama samaki wa jirani. Akaitia mfukoni.

"Umeiona simu yangu?" mkewe aliuliza dakika mbili baadaye, akipekua mito.

"Sijaiona."

"Nilikuwa nayo sasa hivi! Mungu wangu, leo siyo siku ya kukosa simu. Nisaidie kuitafuta."

"Utachelewa."

Alitazama saa ya ukutani. Akatoka mikono mitupu, mkono mmoja kifuani, kama mtu anayezuia kitu kisidondoke.

* * *

Namba ya siri ilikuwa siku waliyozaliwa pacha. Miaka yote Pandashuka aliijua na hakuwahi kuitumia. Leo aliibonyeza.

Programu iliitwa Tulia. Ilikuwa na duara la bluu linalovimba na kunywea, linavimba na kunywea, kama tumbo la mtoto aliyelala. Chini yake kulikuwa na swali. Kila siku saa nne asubuhi programu ilimuuliza Mama Pacha: Hofu yako leo ni kiasi gani, kutoka moja hadi kumi? Naye alijibu. Nne. Sita. Sita. Nane. Jana alijibu tisa.

Fundi hakuzisoma namba hizo. Laiti angezisoma! Macho yake yalikuwa yamekwishakimbilia chini zaidi, palipoandikwa Sauti Unayoiamini. Hapo mwenye simu huweka sauti ya mtu wake. Mama Pacha alikuwa ameweka moja tu, na jina alilolipa lilikuwa neno moja.

Yeye.

Pembeni: imesikilizwa mara mia tatu na kumi na mbili.

Fundi akakaa kitandani. Mia tatu na kumi na mbili! Ni lini mara ya mwisho mke wake wa ndoa alimwomba arudie neno hata mara mbili? Fundi akisimulia habari za kazini huambiwa, "Nimesikia, Baba Pacha, nimesikia." Huyu Yeye anarudia yale yale mara mia tatu, na bado mkewe ana hamu naye!

Akabonyeza. Sauti ikatoka na mikwaruzo, kama redio ya mbali.

"Usiogope. Niko hapa, siendi popote. Tuhesabu. Ukifika saba utasikia kishindo. Usishtuke. Ni mimi huyo, nakuja."

Kishindo! Kishindo gani hicho, mbele ya mke wa mtu?

Palepale akamjua mwizi wake. Nani mwingine kama si Shati Jeupe? Fundi mwenzake wa lifti, kijana wa kujipulizia manukato, anayekwenda kazini na shati jeupe na kurudi nalo jeupe, kana kwamba lifti huzitengeneza kwa kuzisemesha. Ndiye anayeitamka "shemeji" kana kwamba anaitafuna. Sauti ni yake, na mikwaruzo kaitia makusudi asijulikane!

* * *

Dada Mkubwa, aliyemlea Pandashuka tangu mama yao afariki, alikuwa saluni kwake. Mteja mmoja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado imesimama.

"Mdogo wangu, umekuja saluni na spana. Nikusuke, au unataka kunifungua bolti?"

"Dada, naachana na mke wangu."

"Haya. Kabla ya chakula cha mchana au baada?"

"Sitanii. Nina ushahidi. Sikiliza mwenyewe."

Akaiweka simu kwenye meza ya vitana, akabonyeza.

Dada Mkubwa alisikiliza. Kitana kikasimama hewani. Ikafika "siendi popote," mabega yakaanza kumcheza. Ikafika "kishindo," akashika ukuta. Kicheko kilichomtoka kilisikika mpaka duka la pili. Na mteja naye, aliyeshikwa nywele, alikuwa anacheka huku anaumia.

"Cheka!" Fundi akaunguruma. "Ndugu yako anavuliwa nguo hadharani, na wewe unacheka!"

"Ngoja... ngoja nipumue..."

"Hapumui mtu hapa tena!" Akainyakua simu. Akatafuta mahali pa kufuta. Programu ikamuuliza kwa adabu: Una hakika? Sauti ikifutwa hairudi.

"Nina hakika mpaka kwenye mifupa," Fundi aliijibu kwa mdomo, kisha kwa kidole.

Yeye akatoweka.

Kicheko cha Dada Mkubwa kikakatika. "Umefanya nini?"

"Nimemuua."

"Umemuua nani, zuzu wewe? Huyo alikuwa ni wewe!"

Fundi akaigeuza simu, kana kwamba mtu yuko nyuma yake.

"Mimi? Mimi sauti yangu siijui?"

"Nani anaijua yake? Unaisikia kutokea ndani ya fuvu lako. Tunaokaa nje ndio tunaoijua."

"Kweli, kaka," mteja akadakia. "Mimi nilidhani umejirekodi kuja kutuchekesha."

Dada Mkubwa akavuta kiti, akamkalisha kwa nguvu. "Miaka minane iliyopita, lile jengo refu la bima. Lifti ilikwama. Ulimtoa nani mle ndani?"

"Mama Pacha. Kabla hajawa Mama Pacha."

"Saa tatu nzima kafungiwa gizani peke yake. Akaona anakufa. Akawasha simu arekodi wosia wa kumwachia mama yake. Badala ya wosia, simu ikanasa sauti yako ikitokea kwenye spika ya lifti. Ameitunza tangu siku hiyo. Na kishindo nikueleze mimi msusi? Breki ya lifti ikifunguliwa kwa mkono hulia vipi, fundi?"

Miaka ishirini Pandashuka alikuwa anakisikia kishindo kile, na leo hakukitambua. Wivu ukishaingia sikioni, hata mtu na kazi yake hawajuani.

"Kwa nini hakuniambia kwamba bado anaogopa?"

"Akwambie mke wa fundi lifti anaogopa lifti? Umesahau ulivyotuigizia mezani yule mhasibu aliyelia ndani ya lifti yako? Ulipiga magoti, ukalia kama mbuzi. Tulicheka wote. Wifi yangu naye alicheka. Kisha akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi."

Fundi alikumbuka. Alikumbuka na mengine. Mkewe anapanda ngazi kila siku, anasema anapunguza mwili. Na yeye, mwanamume mzima, akimtania: "Mbona hupungui?"

"Leo ndiyo siku yenyewe," Dada Mkubwa akaendelea, na sasa hakuwa na kicheko hata kidogo. "Chumba cha upasuaji kiko ghorofa ya saba. Mgonjwa wa machela hapandishwi ngazi. Lazima nesi aingie naye kwenye lifti. Akishindwa leo, atarudishwa alikotoka, na hatajaribu tena, namjua. Sauti ile ndiyo ilikuwa fimbo yake ya kutembelea. Umeivunja."

Unafikiri wivu ulimtoka? Haukumtoka. Ulihama tu. Sasa alimwonea wivu yule fundi wa miaka minane iliyopita, aliyeweza kumwambia mwanamke asiyemjua "siendi popote" kwa saa tatu bila kuchoka. Yeye wa leo, mkewe akiumwa kichwa humwambia kunywa maji ulale.

Simu ikalia. Siyo ya mkewe. Yake.

"Fundi, ni mlinzi wa hospitali. Lifti ya wagonjwa imekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Ndani kuna bibi aliyevunjika nyonga na nesi mmoja."

"Nesi gani?"

Mlinzi alikohoa. "Fundi, wewe njoo."

* * *

Alikimbia mitaa minne na spana mkononi. Watu walimpisha bila kuuliza.

Chini ya ngazi za hospitali, kando ya mlango wa lifti, kuna simu ya ukutani ya kuzungumza na waliomo ndani. Na kwenye simu hiyo alikuwa ameegemea nani? Shati jeupe. Manukato. Kidole kinazungushazungusha waya.

"Vizuri sana, shemeji. Toa pumzi taratibu, kama mtu anayepoza chai. Niko hapa."

Na kwenye simu ikatoka sauti ya Mama Pacha, nyembamba lakini imetulia. "Usiache kuongea, fundi. Ukinyamaza tu, kuta zinasogea."

"Na mimi asinisahau," ikasikika sauti ya bibi wa nyonga. "Nimevunjika mfupa, sikuvunjika masikio. Kijana ana sauti ya asali huyu."

Kama kuna mwanamume aliyewahi kumeza kaa la moto, ajitokeze aeleze. Asubuhi Pandashuka alikuwa amemwonea wivu mtu asiyekuwepo. Sasa mtu alikuwepo, wa nyama na damu, na mkewe anamwomba asiache kuongea.

Akanyoosha mkono. Shati Jeupe akaziba mdomo wa simu kwa kiganja.

"Kaka mkubwa, ukiitaka, hii hapa. Lakini juu nani atazungusha?"

Swali lilikuwa la haki. Kuwatoa watu kwenye lifti kuukuu ni kazi ya wawili. Mmoja huongea nao wasipagawe. Mwingine hupanda chumba cha mashine, akazima umeme, akafungua breki kwa mkono mmoja na kuzungusha gurudumu kwa mwingine, robo kwa robo, mpaka lifti iwe sawa na mlango. Miaka minane iliyopita bosi wake, mzee sasa marehemu, ndiye aliyezungusha. Yeye aliongea.

"Wewe panda."

"Breki ile siiwezi, kaka. Unaijua wewe tu."

"Niliandika daftarini inateleza, ibadilishwe. Na wewe ukasaini kwamba umeibadilisha."

Shati Jeupe akaangalia viatu vyake. "Niliikaza."

Fundi alilitazama lile shati. Halikuwa na doa hata moja la grisi. Halikuwahi kuwa nalo. Lakini hapakuwa na muda wa ngumi. Akaiacha ile simu, akamwachia mwanamume mwingine pumzi za mkewe, akapanda ngazi mbilimbili.

Usimsifu bado. Alipanda huku analaani kila ngazi.

Chumba cha mashine kiko juu ya ghorofa ya saba, chumba cha joto na harufu ya mafuta. Ukutani kuna kisanduku kinacholeta mazungumzo yote ya chini. Kinaleta tu. Kitufe chake cha kuongea kilikufa zamani. Pandashuka akazima umeme. Mkono wa kushoto ukashika wenzo wa breki, mpini wa chuma, wa kulia ukashika gurudumu. Kisanduku kikaongea.

"Fundi," ilikuwa sauti ya mkewe, "mume wangu amefika?"

Shati Jeupe akajibu polepole, kwa ile sauti ya asali: "Hajafika, shemeji. Nimempigia, hapokei. Niko mimi tu."

"Mwongo!" Pandashuka akapiga kelele. Kelele zake zilisikiwa na buibui wa chumba cha mashine, basi.

"Hata nyumbani siku hizi hafiki," Mama Pacha akasema. "Mwili unafika. Sasa nisikilize. Ile programu yangu inasema hofu ikikuzidi, itaje kwa sauti, itapungua. Kuna jambo naliogopa kuliko lifti. Sijawahi kumwambia mume wangu. Nitakwambia wewe."

"Niambie, shemeji. Tuko wawili tu."

"Na mimi je?" bibi akauliza. "Mimi ni shuka?"

"Ngoja nihesabu kwanza mpaka saba," Mama Pacha akasema. "Nikifika saba nitasema. Moja..."

Jasho lilimtiririka Fundi mpaka machoni. Alijua chuma kile. Akikifungua, kishindo kitaifunika kila sauti, na gurudumu likizunguka hatasikia neno. Akitulia kidogo tu, nusu dakika, atalijua jambo ambalo mkewe anampa mwanamume mwingine.

"Mbili... tatu..."

Nusu dakika ni kitu gani? Wamekaa mle dakika arobaini, nusu itawaua?

"Nne..." Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Tano... Fundi, hewa... hewa inakwisha..."

"Mwanangu, pumua," bibi alisema, na safari hii hakutania.

"Sita..."

Mkono wa Fundi ulikuwa juu ya chuma. Sikio lake lilikuwa kwenye kisanduku. Mtu mmoja hawezi kwenda njia mbili, na masikio yake yalikuwa yanavuta kwa nguvu kuliko mkono.

"Saba. Ninachokiogopa ni..."

Pandashuka akafungua breki.

Kishindo kilishuka na kamba mpaka chini, kikatikisa jengo. Akazungusha gurudumu robo ya mzunguko, ameuma meno, machozi na jasho haviachani. Akasimama, kama kazi inavyotaka, ili aifunge breki kabla ya robo ya pili.

Kwenye kisanduku ikaja sauti ya Mama Pacha. Haikuwa nyembamba tena.

"Ni yeye."

"Nani, shemeji?"

"Usiniite shemeji. Umenidanganya. Saba, kishindo. Mume wangu yuko juu yangu hapo."

Ni miezi mingi Fundi hakuwa amecheka peke yake. Alicheka sasa, kwenye chumba cha joto, kama mwendawazimu. Akaurudisha wenzo wa breki.

Wenzo ulikwenda, ukafika mwisho, ukalegea mkononi mwake kama kijiko ndani ya uji. Breki haikuuma.

Gurudumu likaanza kuzunguka lenyewe, na lifti ikaenda nalo.

Akalirukia kwa mikono miwili, akalikumbatia kwa kifua, buti zikisuguana na sakafu. Likapunguza mwendo. Halikusimama. Kwenye kisanduku bibi alianza kupiga kelele.

Na mfukoni mwa Pandashuka, kwa kuwa sasa ilikuwa saa nne kamili asubuhi, simu ya mkewe ikaita kwa kengele ndogo, na sauti tulivu ya programu ikauliza:

"Habari ya leo. Hofu yako ni kiasi gani, kutoka moja hadi kumi?"